Daraja la Kizungwe Lakubaliwa Nusu

Usiku wa jana niliota mimi ni karani wa boma, enzi za Mwingereza, na kaptula yangu imenyooshwa kwa pasi kuliko nguo yoyote niliyowahi kuvaa. Mezani lipo faili la daraja la mto Kizungwe. Linakohoa. Linasema ndiyo kwanza limerudi kutoka Ulaya, na huko kuna baridi.

Bibi yangu Semeni ameketi kwenye benchi la wenye shida, naye ni binti mdogo kuliko mimi. Dada yake Chiku amefariki ng'ambo ya mto, atazikwa adhuhuri, na mto umefurika. Bibi anataka daraja ili awahi kumwosha dada yake. Amelisema hilo mara moja tu.

Nikafungua faili. Tuliomba futi themanini. Wakubwa wamekata nusu, kama wanavyokata kila ombi, wakakubali arobaini. Nikamuuliza Bwana Shauri, mkuu wa boma, ni arobaini zipi. Bwana Shauri alikuwa kabati, lakini nilijua ni yeye, nikampigia saluti.

"Za upande huu," kabati likasema. "Za upande wa pili ziombwe mwakani."

"Na anayevuka leo?"

"Avuke nusu."

Sikuelewa, na niliona haya kusema sikuelewa. Nikatia saini.

Mara boma halipo. Tumesimama katikati ya mto, pale mbao zinapoishia, zimekatwa kwa msumeno vizuri kabisa. Muhuri umetufuata kwa vijiguu vyake. Unasema hakuna kuvuka bila kugongwa, kisha unamgonga Bibi kisigino cha kushoto. Cha kulia unakiacha, maana nusu ndiyo iliyokubaliwa.

"Wino wa serikali hautoki kwa maji," unajisifu.

Bibi ananitazama. "Mjukuu wangu, aliyetia saini ni wewe?"

"Ni mimi, Bibi."

"Haya, nishikie makubadhi."

Anashuka majini. Nabaki na makubadhi yake mkononi, moyo unaniuma, na bado sielewi.

Nikaamka kumekucha. Daraja la Kizungwe halikujengwa kamwe, na Bibi hakuwahi kumwosha dada yake. Ndilo jambo pekee ninalojua limewahi kumliza. Nilimkuta uani anaota jua. Ana miaka tisini na tatu, na tangu Ramadhani hajavuka kizingiti cha mlango wa mbele.

Nikamwamkia, nikainama. Kisigino cha kulia kilikuwa na tope bichi. Cha kushoto kilikuwa na wino wa zambarau.

"Nimemwosha," akasema. "Sasa nipe makubadhi yangu."