Mwali Juu ya Magunia ya Chumvi

Watu wa Mtanda, hapa Lindi, husema nimeolewa na Stephano Likwata. Mimi huwaambia hapana, nimeolewa na miguu yake, yeye mwenyewe ni mbebaji tu. Miguu ndiyo iliyokuwa ikiamshwa kabla ya adhana, ikipikiwa uji wa mtama, ikikandwa kwa maji ya moto na mafuta ya nazi. Mama mkwe alipokuja kututembelea kutoka Newala alinikuta nakanda, akauliza, "Joyce, mwanangu anaumwa?"

"Haumwi, mama. Anakimbia."

Kwao, mtu mzima anayekimbia ama kafumaniwa, ama nyumba yake inaungua.

Zamani haikuwa aibu. Kiwanda cha korosho kilimwajiri Stephano kama mlinzi, lakini hakuna mwizi aliyewahi kumwona getini. Kazi yake ilikuwa kukimbia kwenye michezo ya mashirika ya umma, avae fulana ya kijani ya kiwanda, arudi na kikombe, meneja akiweke kabatini. Kisha zikaja habari za soko huria. Kiwanda kikapata mwenyewe, na huyo mwenyewe alikuwa anatafuta ghala tu. Mashine zikakatwa zikauzwa kama chuma chakavu, wafanyakazi wakaambiwa wakapumzike. Vikombe vya Stephano sijui vilikwenda wapi. Nadhani vilipimwa kwenye mizani pamoja na mashine.

Ningekuwa mimi ningeacha siku ileile. Wenzake wote waliacha. Mmoja akarudi kwenye mikorosho ya babake, mwingine akaanza kukaanga chipsi stendi. Stephano alikwenda kwa Mwalimu Abilahi. Huyu alikuwa kocha wa timu ya kiwanda, mzee mfupi aliyestaafu ualimu wa shule ya msingi, mwenye saa ya kupimia mbio iliyoning'inia shingoni hata akienda msikitini. Naye alikuwa amepunguzwa kazi kama wengine.

"Kiwanda kimekufa," Mwalimu alimwambia mbele yangu. "Mapafu yako nayo yamekufa?"

"Hayajafa, Mwalimu."

"Basi kesho Kikwetu."

Kikwetu ndiko uliko uwanja wa ndege wa Lindi. Ndege zenyewe zilikuwa adimu kuliko mvua ya Agosti, kwa hiyo uwanja ulikuwa wa mbuzi na wa mume wangu. Alikuwa akitoka nyumbani kwa miguu, anakwenda huko mbio, anazunguka, anarudi mbio, halafu Mwalimu anampandisha mlima wetu wa Mtanda na mfuko wa mchanga mgongoni, mwenyewe akifuata nyuma anasukuma baiskeli kwa sababu mlima umemshinda. Maji yakipwa walishuka ufukweni, akakimbia kwenye tope la mikoko mpaka mapajani. Mwezi wa Ramadhani Mwalimu alifunga, na Stephano, Mkristo wa kubatizwa, hakunywa maji mbele yake hata mara moja. Nikamwambia kama ni hivyo asilimu kabisa, nijue moja. Akacheka. Siku hizo alikuwa bado anacheka.

Na nisilitukane mno soko huria, maana lilitunyang'anya kiwanda likatuletea viatu. Kwenye marundo ya mitumba nilimpatia raba za kukimbilia, nzuri, nyepesi kama mkate wa mofa, ila kimoja kilikuwa kikubwa kuliko mwenzake. Alikijaza kitambaa cha khanga yangu. Hakuwahi kuvivaa mazoezini. Mazoezini alikimbia peku, raba zikasubiri juu ya kabati kama nguo ya kuzikiwa.

Siku moja nilimuuliza kwa hasira. Hakukuwa na unga, yeye kaja na jasho. "Unakimbilia nini? Nani anakungoja huko mwisho?"

"Kila nilichokifanyia kazi kilifungwa na watu nisiowajua, Joyce. Hiki nikishindwa, nimeshindwa mimi. Nami nataka nijue kama nimeshindwa."

Nilikasirika zaidi, kwa sababu nilimwelewa.

Ndipo Mwalimu akaja na habari. Kikosi kimoja cha jeshi kilikuwa kinataka wakimbiaji wawili wa kuajiriwa: kambi, chakula, mshahara, na kazi ni kukimbia. Mashindano ya kuwachuja yangefanyika Dar es Salaam Jumamosi ya mwisho ya Aprili, kilometa kumi, na aliyevuka miaka ishirini na minane asijisumbue. Stephano alikuwa nayo hiyo ishirini na minane. Mwakani angekuwa mzee. Tuliuza mabati tuliyokuwa tumeweka ya nyumba, tukasema potelea mbali, tutalala makuti.

Aprili, kwa asiyejua, ni mwezi ambao barabara yetu inarudi kuwa mto. Mabasi yalikuwa yameacha kwenda. Tulipata lori la Evaristo, lililobeba magunia ya chumvi chini ya turubai, na abiria juu ya turubai. Tuliondoka Jumatano: mimi, Stephano na Mwalimu Abilahi. Nilikwenda kwa ajili ya kukanda.

Lori likinasa, sheria inajulikana na haijaandikwa popote. Utingo hupiga bodi kwa kiganja, wanaume wote hushuka, wakasukuma. Wanawake wenye watoto, wagonjwa na wazee sana hubaki juu. Hakuna mwanamume mwenye afya anayebaki, awe sheikh, awe karani. Mwalimu aliliwaza hilo mapema. Kabla hatujafika Mchinga alimshika Stephano bega, akamwambia, "Hutasukuma. Miguu hiyo ni ya Jumamosi. Nitasukuma mimi kwa niaba yako. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mwalimu."

Tulinasa muda si mrefu baada ya Mchinga. Bodi ikapigwa, wanaume wakashuka, Mwalimu akakunja suruali akashuka. Stephano akabaki amekaa kati ya wanawake, kifua kama mlango wa msikiti. Mama mmoja mnene aitwaye Mama Cecilia, muuza dagaa, alimtazama juu mpaka chini.

"Jamani, mbona hamkuniambia tumepakia mwali?"

Wanawake wakaangua kicheko. Huku kwetu mwali akitolewa unyagoni hubebwa mabegani. Nyayo zake hazikanyagi chini mpaka afikishwe.

"Mwali hakanyagi!" mwingine akadakia. Vigelegele vikapigwa. "Nyie huko chini, sukumeni polepole, mtamtikisa mwali!"

Na wanaume, wamejaa tope mpaka kope, nao wakacheka. Mwalimu alijaribu kueleza habari za mashindano, lakini nani amsikilize mzee anayesukuma lori kwa niaba ya kijana? Niliwatukana wawili watatu, mdomo ninao. Nikamwambia Stephano, "Waache waseme. Kaa." Nilimshika mkono. Utani wetu hauui mtu, ila unamvua nguo.

Alivumilia siku ile nzima. Tulinasa tena na tena, na kila mara vigelegele. Tulilala humohumo barabarani, Alhamisi tukaanza upya, na karibu na njia panda ya Kiswere lori likazama ekseli yote.

Kulikuwa na Mzee Ismaili, mkulima wa Njinjo, aliyekuwa anarudi kwao kutoka kumtazama binti yake Lindi. Tangu tunapanda Stephano alikuwa amemwamkia shikamoo kwa heshima, naye akatugawia korosho za kuchoma kutoka kwenye kikapu chake. Hakumcheka mwali hata mara moja. Kwa umri wake angeweza kubaki juu, na utingo alimwambia abaki. Lakini lile shimo lilikuwa baya, watu walikuwa wamechoka, akaona haya. Alifunga msuli wake vizuri, akashuka.

Walisukuma. Lori likapanda kidogo, likasita, likarudi nyuma. Mzee akateleza. Alianguka kifudifudi kwenye tope, na gurudumu la nyuma likasimama karibu na kichwa chake, karibu kabisa.

Sikumwona Stephano akiruka. Nilisikia tu mkono wangu hauna kitu. Alikuwa tayari chini, peku, amemwinua mzee kwa makwapa, amemweka pembeni, amechukua nafasi yake.

"Likwata!" Mwalimu Abilahi alipiga kelele, sauti ikakatika. "Likwata, panda juu! Nakuamuru!"

Stephano hakugeuka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tulivyofundishwa. Lakini wakuu wakiwa wawili, mmoja anakuamuru ukae na mwingine ameanguka matopeni kwa ajili yako, usikie la yupi? Wenye jibu watuletee Lindi, tunalihitaji.

Aliweka bega. Miguu ile niliyoikanda miaka yote ilizama, ikajikaza, ikasukuma, na lori likatoka. Watu walishangilia kama wamepata bao. Mama Cecilia ndiye aliyepiga vigelegele kuliko wote, safari hii vya kweli. Mzee Ismaili akamshika Stephano mikono yote miwili, uso umejaa tope, akamwombea dua: "Mwenyezi Mungu aijalie miguu hii kazi yake, mwanangu. Isikose kazi." Tukaitikia amina. Hata mimi.

Tangu hapo hakukuwa na njia ya kurudi juu. Mtu akishasukuma mara moja, mara ya pili atakataaje? Kila bodi ikipigwa waliita, "Likwata! Yuko wapi Likwata?" Alisukuma mpaka Nangurukuru, Mzee Ismaili akateremka kuelekea kwao. Alisukuma Somanga. Alisukuma kwenye mteremko wa pantoni ya Rufiji, jua la Ijumaa likimpiga kichwani, na Mwalimu Abilahi akisukuma pembeni yake. Wangeweza kumwonea huruma. Lakini walikuwa wamemwona anavyoweza, na kwetu anayeweza ndiye anayeongezewa mzigo.

Tuliingia Dar es Salaam Jumamosi asubuhi. Nilimkanda uwanjani, nyuma ya choo, kwa maji niliyoyaomba kwa muuza chai. Misuli ya nyuma ya miguu ilikuwa migumu kama mti wa mkoko. Nilijua. Vidole vyangu vilijua. Nilimfunga kamba za raba, nikakaza kile kitambaa cha khanga.

"Zipoje?" akaniuliza, kama kwamba ni miguu ya mtu mwingine.

"Nzuri," nikasema.

Alianza vizuri, sitamnyima haki yake. Alikuwa na watu wa mbele, mgongo umenyooka, na kwa muda nilijisahau nikapiga kelele za kipumbavu. Mwalimu alisoma saa yake na mdomo ukamfunguka kidogo, akatabasamu. Halafu, mizunguko ikiwa imebaki mingi, nilimwona Stephano anaanza kukimbia kwa mabega. Anayejua atanielewa: miguu imekataa, mtu anajivuta kwa mabega. Mmoja akampita. Wakampita watatu kwa mpigo. Vijana ambao, kwa mujibu wa saa ya Mwalimu, angewaacha mbali siku yoyote ya Kikwetu, walimpita bila hata kumtazama. Alimaliza. Hakuacha njiani, hakuanguka, hakupata hata hicho kisingizio.

Ofisa mwenye karatasi alimwuliza anatoka wapi. Alipotajiwa Lindi akatikisa kichwa, akasema kwa upole, "Unao mwendo, kijana. Ungekuja wiki moja kabla, ukapumzika." Nilitaka kumrukia. Wiki moja tungelala wapi, tungekula nini, na lori la wiki iliyopita lingesukumwa na nani? Stephano alisema, "Ahsante, afande."

Kile alichotaka kujua, kama ameshindwa yeye, hajakijua mpaka leo. Barabara ilimnyang'anya hata kushindwa kwake. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mabati.

Tulirudi na Evaristo yuleyule, safari hii na mifuko ya saruji. Tuliponasa shimo lile la Kiswere, Stephano alishuka kabla bodi haijapigwa. Mwalimu Abilahi alivua saa yake shingoni, akanivisha mimi, akashuka akaweka bega karibu na bega lake. Hakuna aliyecheka. Lori lilipotoka Evaristo alitoa kichwa dirishani. "Likwata, bwana, wewe ni winchi! Njoo tufanye kazi masika hii. Chakula changu, na chochote kitakachopatikana."

Nilimtazama Stephano. Nilimwomba kwa macho akatae, amtukane, afanye lolote. Alijifuta tope usoni.

"Lini?" akauliza.

Sasa ni masika ya tatu. Saa ya Mwalimu ipo kwetu kabatini. Mwenyewe haji, nami sijaipeleka. Mbuzi wamebaki peke yao Kikwetu. Raba nimemwuzia kijana mmoja wa Mchinga, alilalamika kuwa hazilingani. Stephano akirudi safari hulala mchana kutwa, magoti yamevimba, na ninachemsha maji na kutoa mafuta ya nazi kama zamani.

Juzi mama mkwe amekuja tena kutoka Newala, akanikuta nakanda. Hakuuliza kama mwanawe anaumwa. Aliketi kwenye mkeka, akaitazama ile miguu kwa furaha, akasema, "Afadhali. Sasa anafanya kazi."

Stephano alifumba macho. Mimi nikaendelea kukanda.