Kipande cha Bluu Mbele ya Meza ya Meneja

Mwaka ule walitufukuza kazi ya usafi, wanawake watano, kisa tumedai glavu. Sijasahau, wala sitasahau. Shangazi yangu, aliyekuwa mmoja wetu, akasema tutafute wateja wetu wenyewe. Tukaanza na ofisi ya bima ghorofa ya tatu, yenye zulia pana kuliko vyumba vyetu vyote. Tukikosa pale, ilikuwa turudi kuomba msamaha tulikofukuzwa.

Meneja hakutupa hata kiti. "Mama, kuna kampuni zina mashine. Nyinyi mna nini?"

"Nichagulie sehemu ndogo tu ya zulia, nikuoneshe. Bure," Shangazi akamjibu.

Akaonesha kwa ncha ya kiatu mbele ya meza yake, wanapokanyaga wageni wote. Shangazi akapiga magoti na brashi na ndoo, akasugua, akakausha kwa kitambaa. Katikati ya zulia la kijivu kikatokea kipande cha bluu, ukubwa wa sinia.

Meneja akaruka. "Umeniharibia! Sasa kila anayeingia ataona kwingine kote kuchafu!"

"Samahani, mwanangu. Nikurudishie uchafu wako? Bado ninao kwenye ndoo."

Katibu wake akaficha kicheko nyuma ya faili. Meneja akatazama kipande, akatazama kalenda. Wageni wangefika keshokutwa.

"Malizeni chumba," akasema kwa sauti ya chini. "Halafu na korido."

Tulisugua siku mbili, sisi watano, bila msimamizi wa kutufokea. Nimezeeka sasa, na bado nazitamani siku zile mbili.