Kilomita Kumi na Moja

Vumbi lilitangulia. Nililivuta turubai, na vumbi la miezi saba likapanda, likaelea kwenye mwanga wa Mei Mosi uliosimama mlangoni mwa banda. Nikapiga chafya mbili. Nikapangusa kwa kiganja utando wa buibui uliotoka gurudumu la mbele hadi ukutani, bila hata kuutazama. Nikaishusha pikipiki kutoka kwenye stendi ya kati, nikazungusha ufunguo, na wewe ukawaka.

Wewe, taa ya onyo la breki. Taa ya manjano, ndogo kama ukucha wa mtoto. Kuwaka kwako si habari. Kila mwaka unawaka ufunguo ukizungushwa, unangoja magurudumu yaanze kwenda, kisha unazimika kabla sijafika kwenye sanduku la barua. Mwaka huu nililipita sanduku la barua. Nikafika barabara ya lami, nikageuza, nikarudi hadi bandani, na bado ulikuwa unanikodolea jicho.

Taa haisemi uongo. Lakini taa haisemi yote.

Mimi nilikagua tiketi kwenye treni za kaskazini miaka ishirini na tisa. Namjua mtu asiye na tiketi kabla hajaingiza mkono mfukoni. Anatazama sana dirishani. Anasifia hali ya hewa. Na tangu jana, niliporudi kutoka mji wa Oulu, Veijo mume wangu amesifia hali ya hewa mara tatu.

Miezi mitano nilikuwa Oulu, nikimuuguza mama aliyevunjika nyonga. Desemba, Januari, Februari, Machi, Aprili. Veijo alibaki hapa peke yake, ukingoni mwa ziwa lililoganda. Kila Jumapili saa nane mchana nilimpigia simu, na kila Jumapili simu iliita, ikaita, ndipo akaipokea huku anahema. "Nilikuwa nje, nazoa theluji," alikuwa akisema. Nje. Kila Jumapili. Saa ileile. Nilimwamini, maana nilikuwa na mama wa kugeuza kitandani, na nafasi ya kushuku sikuwa nayo.

Jana nafasi ikapatikana. Niliposhuka kwenye basi nikaona njia. Theluji imebaki vilimavilima uani, na katikati ya vilima hivyo kuna njia pana, safi, iliyochongwa kwa koleo majira yote ya baridi, kutoka mlango wa jikoni hadi mlango wa banda. Nani huchonga njia ya kwenda bandani mwezi wa Januari? Humo hamna kuni. Hamna viazi. Mna pikipiki yangu tu, na pikipiki huku kwetu hulala tangu Oktoba hadi Mei, na aliyelala usimwamshe. Begi langu nikaliacha ukumbini. Sikulifungua. Nilijiambia kwamba nimechoka, lakini moyoni nilikuwa nahesabu mabasi ya kurudi Oulu.

Basi leo nikaanza kukupekua, taa. Nikainua kiti. Betri ilikuwa imeshiba. Fyuzi zilikuwa nzima. Panya, ambao hupenda kulala kwenye kichujio cha hewa na kutafuna waya, hawakuacha hata kinyesi. Nikafuata waya wa breki ya mbele kwa kidole, nikafuata wa nyuma, na hakuna palipokatika. Nikapangusa, nikakaza, nikazungusha ufunguo tena. Ukawaka vilevile. Ndipo nikaona vikanyagio vya abiria. Vimeshushwa, vyote viwili. Sijawahi kubeba abiria kwenye pikipiki hii. Veijo hapandi, anaogopa, na hilo hajawahi kulificha.

Nikageukia ukuta. Kila vuli, kabla ya kufunika turubai, naandika ubaoni kwa penseli tarehe na kilomita, kama baba alivyokuwa akifanya. Tarehe tisa Oktoba: 38,214. Leo saa ya kilomita inasema 38,226. Moja ni ya asubuhi hii, ya kwenda kwenye lami na kurudi. Kumi na moja si zangu. Na tanki, ambalo nililijaza hadi shingoni ili kutu ikose pa kukaa, limepungua vidole vitatu.

Kumi na moja. Nusu yake ni tano na nusu kwenda, tano na nusu kurudi. Wakati wa baridi barabara ya barafu hukata ziwa katikati, na ukiifuata kilomita tano na nusu unafika kwa Orvokki. Orvokki ni mjane, ana kicheko kizuri, na enzi zake alikuwa na pikipiki. Nikamwona yeye mbele ameshika usukani. Nikamwona mtu fulani nyuma yake, miguu juu ya vikanyagio. Najua hakuna mwenye akili anayepita juu ya barafu kwa matairi ya kiangazi. Lakini wivu haukagui matairi.

Taa haisemi uongo, nikakwambia. Sema basi na yaliyobaki.

Jirani yetu Urpo akapita na pikipiki yake, akasimama mlangoni mwa banda bila kuvua helmeti.

"Shemeji, umeshamfufua marehemu wako?"

"Amefufuka na jicho moja la manjano. Hivi, Urpo, wakati wa baridi kuna siku uliisikia hii pikipiki?"

Akaacha kucheka. Akatazama ziwani.

"Kila Jumapili," akasema. "Saa nane kasorobo hivi. Nilijua umemruhusu."

"Nimemruhusu nini?"

"Mimi simo, shemeji. Mwenyewe yuko jikoni, muulize." Akawasha, akaondoka kwa haraka ambayo sikuipenda.

Kikulacho ki nguoni mwako. Harufu ya maandazi ya Mei Mosi ilitoka jikoni na kunifikia pale bandani, na kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na mmoja ya ndoa ikanichefua. Nilitaka kuingia na koleo mkononi. Sikuingia. Mkaguzi hamkabili mtu bila ushahidi, na shahidi wangu ulikuwa wewe. Kama ulimwona aliyeipanda, utanionyesha.

Chini ya kiti kuna soketi ndogo nyekundu ya kusomea hitilafu. Nikaunganisha waya zake mbili kwa pini ya karatasi, nikazungusha ufunguo, nikapiga magoti mbele yako. Ukapepesa. Ndefu, ndefu, ndefu, ndefu. Fupi. Ukanyamaza, ukarudia. Nne na moja. Nikafungua kitabu cha pikipiki kwa vidole vya grisi, nikashuka na ukurasa hadi nne na moja, nikasoma: gurudumu la nyuma limezunguka, la mbele limesimama.

Nikasoma tena. La nyuma limezunguka. La mbele limesimama.

Hakuna anayevuka ziwa kwa gurudumu moja. Nikatazama kiganja changu, na pale penye grisi ulikuwa umenata uzi wa utando wa buibui, ule nilioupangusa asubuhi, uliolifunga gurudumu la mbele na ukuta tangu vuli. Pikipiki haikutoka. Ilisimama palepale juu ya stendi ya kati, gurudumu la nyuma likiwa hewani, na gurudumu hilo likakimbia kilomita kumi na moja bila kwenda popote. Jumapili hii kidogo, Jumapili ile kidogo. Niliona haya. Lakini haya yenyewe ilikuwa na hasira ndani, kwa sababu bado sikuelewa.

Nikaingia jikoni. Veijo alikuwa amenipa mgongo, anageuza maandazi, sukari imemwagika hadi sakafuni.

"Veijo. Pikipiki uliiwasha?"

"Leo kuna jua zuri kweli…"

"Achana na jua."

Akazima jiko. Akapangusa mikono muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Niliiwasha," akasema. "Jumapili, kabla hujapiga simu. Nilikuwa nafungua mlango wa banda, nakunja turubai hadi kwenye usukani, naingiza gia, naiacha ingurume kidogo. Ikiwa na gia inatoa ile sauti yako ya kupanda kilima cha kwa Urpo."

"Ili iweje?"

"Ukirudi nyumbani naisikia kwanza yenyewe, halafu ndipo nakusikia wewe. Miaka yote iko hivyo. Simu ikilia hivihivi tu, mimi naona inaleta msiba."

Nikasogea hadi mezani.

"Na vikanyagio vya nyuma?"

"Nilikaa nyuma. Mbele ni kwako."

Nikavuta kiti, nikakaa. Yeye akabaki amesimama, na kitambaa mkononi.

"Nimeiharibu?" akauliza.

"Umeitia wazimu kidogo. Gurudumu moja linakwenda, jingine limesimama. Taa ikadhani kuna balaa."

Akaitikia kwa kichwa. Akatazama ukumbini, kule kwenye giza la makoti na viatu.

"Begi hujalifungua," akasema. "Tangu jana nalitazama. Nikajua umeifuata pikipiki tu."

Miaka ishirini na tisa nilikagua watu, na huyu aliyekuwa akisifia hali ya hewa nilimsoma vibaya. Alikuwa na tiketi. Alikuwa anaogopa tu kwamba nitashuka.

"Mna soksi zako humo," nikasema. "Mama kakufumia. Lifungue wewe."

Habari za Orvokki sikumwambia. Hizo nitazikwa nazo, na wewe taa utanitunzia.

Nikarudi bandani. Nikafuta kumbukumbu yako kama kitabu kinavyoelekeza, nikachomoa pini, nikarudisha kiti. Vikanyagio vya nyuma nikaviacha vilivyo. Kisha nikachukua penseli, na chini ya mwandiko wangu wa Oktoba nikaandika: 11, Veijo. Yalikuwa maneno machache kuliko yaliyostahili, lakini ubao ni mwembamba na penseli ilikuwa butu.

Nikatoka. Mchanga waliomwaga barabarani wakati wa baridi ili magari yasiteleze ulikuwa umekauka, umekuwa unga, na vumbi likanyanyuka nyuma yangu, likasimama kwenye mwanga. Wewe ulikuwa unawaka. Nikakutazama kwa pembe ya jicho, bado nina mashaka kidogo, tabia haina dawa. Magurudumu yote mawili yakaenda. Na kabla sijafika kwenye sanduku la barua ukazimika, kimya, pakabaki kioo cheusi chenye vumbi na uso wangu ndani yake.

Sasa nasema na wewe, Veijo. Siku ilikuwa nzuri kama ulivyosema mara tatu, na barabara ilikuwa wazi hadi mjini. Nilifika kwenye lami, nikageuza. Kwa mbali niliona umefungua dirisha la jikoni, katika baridi ile. Basi nikarudi kwa gia ya kwanza, polepole, njia nzima, ili unisikie kwa muda mrefu kabla sijafika.