Kazi za Kabla ya Mvua

Modeste alikuwa amekwisha kuigawa nyumba yake, kwa hiyo Jumanne ile aliporudi kutoka sokoni Rwekubo na kumkuta mke wake anaipaka udongo, alisimama njiani na mche wa sabuni mkononi asijue aanze na swali lipi.

Apolline alikuwa kwenye ukuta wa magharibi, ule ambao mvua huupiga kwanza. Mikono ilikuwa imezama kwenye tope hadi viwikoni. Alichota, akabandika, akalainisha kwa kiganja, wala hakugeuka.

"Mama Junior," Modeste alisema, "juu ya nini unapaka nyumba yenye tunaacha?"

"Mvua iko karibu."

"Ndiyo, mvua iko karibu. Lakini sisi tuko tunaenda."

"Niletee maji. Udongo uko unakauka."

Akaenda kuleta maji. Ndivyo alivyokuwa Modeste, akichanganyikiwa hutii kwanza, kufikiri kutafuata baadaye kukipata nafasi.

Tarehe ilikuwa imetoka. Zilibaki siku kumi na tisa waruke kwenda Kanada, yeye, Apolline na watoto wao wawili, Junior na Bénédicte, baada ya kungoja miaka kumi na mmoja. Na hapa Nakivale, kambini kwa wakimbizi, mtu akishapata tarehe ya ndege huweka jembe chini. Hapandi, hapaki, hazibi paa. Majirani huja mmoja mmoja kuulizia mlango, meza, sufuria kubwa, naye hugawa huku akicheka. Mwenye tarehe akionekana tena na jembe, watu hawamuulizi kitu. Huulizana wao kwa wao kama faili lake limekwama.

Modeste alikuwa amegawa bila kusita. Mbuzi watatu na mlango wa bati alimwahidi Karekezi, jirani wa upande wa chini, mtu mpole ambaye alishukuru mara mbili na kuondoka haraka kidogo. Modeste aliliona hilo la haraka, lakini hakulitilia maanani. Siku zile hakuwa akitilia maanani kitu chochote kisichokuwa na theluji.

Theluji hiyo alikuwa akiletewa na Vénant. Vénant alikuwa jirani yao zamani, sasa ana miaka mitatu katika mji mdogo wa Kanada, ana kajumba, kabustani na kuku sita, na hajui kutuma ujumbe wa sauti wa chini ya dakika saba. Modeste aliusikiliza ule wa mwisho mpaka simu ikaomba chaji.

"Ndugu yangu," Vénant alisema ndani ya simu, "huku ni wakati wa kujitayarisha. Majani ya miti yote inaanguka, unakusanya yote. Tiyo ya maji yenye iko inje unaitoa maji, unaiingiza mu nyumba, kama hapana, maji itageuka jiwe ndani na tiyo itapasuka. Kajumba ya kuku unaiwekea majani makavu, mingi sana. Madirisha unabandika plastiki. Vitunguu saumu unapanda sasa, inalala chini ya baridi, inatoka baadaye. Ukichelewa, baridi itakukuta umekaa tu."

Modeste hakuelewa maji yanageukaje jiwe ndani ya bomba, wala kwa nini mtu apande kitu ili kilale. Lakini aliyapenda maneno yale, akayarudia kwa kila aliyemsalimia.

Basi hebu fikiria mtu wa namna hiyo, mawazo yako Kanada, anarudi nyumbani na kukuta tope. Na tope lilikuwa mwanzo tu. Jumatano Apolline alipanda maharagwe. Maharagwe, jamani, yanayokaa shambani miezi mitatu, yamepandwa na mtu aliyebakiwa na siku kumi na nane. Alhamisi alipandisha bati mbili mpya juu ya banda la mbuzi, bati ambazo Modeste hakujua zimetoka wapi. Kisha akaanza kuchimba mtaro wa maji nyuma ya nyumba.

Ndani mambo yalikuwa ya ajabu zaidi. Rafu ya vyombo, ambayo Modeste mwenyewe aliipigilia usawa wa kichwa chake, ilikuwa imeteremshwa hadi usawa wa kiuno. Madumu ya lita ishirini yalikuwa yametoweka, na mahali pake yalisimama madumu manne ya lita tano. Kuni zilikuwa zimepangwa ukutani, kavu, zimepasuliwa nyembamba kana kwamba mke wake anataka kupikia wanasesere. Na kutoka mlangoni hadi chooni kulikuwa na mawe bapa, moja moja, hatua fupi fupi.

"Sasa hii njo nini?" aliuliza.

"Udongo unatelezaka mvua ikinyesha," Apolline alijibu.

Mama yake Modeste alikuwa ameketi nje kwenye kigoda, anachanganya mbegu za maharagwe na majivu ili wadudu wasizitoboe. Mtaa mzima humwita Koko, maana kila mtoto wa pale amemfanya bibi yake. Alikuwa amefika kutoka Kivu ya Kusini miaka mitatu iliyopita, akapitia Kabazana, wanakopokelewa wageni wote, na wakati huo faili la Modeste lilikuwa limekwisha kwenda mbele bila jina lake. Lake lilianza peke yake, mwanzo kabisa. Modeste alikuwa amelipangia jambo hilo: Koko angehamia Mbarara kwa Chantal, dada yake Modeste, ambaye ameolewa huko. Alipomweleza mama yake, Koko alisema, "Sawa." Mwezi wa saba akaenda kuonja, akarudi baada ya siku nne. Modeste alimuuliza alipaonaje. Akasema, "Kuzuri." Basi hilo likawa limekwisha.

"Muache muke wako afanye kazi," Koko alisema sasa, bila kuinua macho kwenye majivu.

Usiku ule Modeste hakulala vizuri. Wazo lilikuwa limemwingia na halikutaka kutoka: Apolline haendi. Atapanda basi pamoja nao mpaka uwanjani, kisha atasema hapana mbele ya watu. Au hatatoka hata mlangoni. Angewaambia nini watoto? Angekula nini huko, yeye ambaye hata ugali huuacha na mabonge? Asubuhi, roho ikiwa juu, akauliza waziwazi.

"Mama Junior. Uko unaenda, ao hauendi?"

Apolline alimtazama. "Nguo zangu uliziona ziko fasi gani?"

"Mu begi."

"Basi."

Na kweli begi lilikuwa limefungwa tangu Jumapili. Modeste akazidi kuchanganyikiwa. Mtu anayeondoka hapandi maharagwe, na mtu anayebaki hafungi begi, na huyu alikuwa amefanya yote mawili kwa mikono ile ile. Akavaa shati safi, akapanda gari Rwekubo kwenda Mbarara. Chantal na Apolline walikuwa hawafichani kitu. Chantal angejua.

Chantal anakaa chini ya kilima cha Kamukuzi na mumewe Sowedi, Mwislamu wa pale pale Mbarara, anayeuza vipuri vya baiskeli kwenye baraza la nyumba yake. Modeste alimkuta amechutama, anapanga minyororo kwenye kitambaa.

"Shemeji, karibu," Sowedi alisema kwa Kiswahili chake cha kubahatisha. "Chantal iko sokoni, nakuja sasa hivi. Mama iko sawa? Ile nyumba namaliza?"

"Nyumba gani?"

"Nyumba ya mama. Bati ya mbuzi ile mbili nafika? Mimi napatia dereva wa Rwekubo. Chantal nasema mvua nakaribia, na mama takaa peke yake, sasa lazima kila kitu iko tayari."

Modeste alikaa kwenye kiti bila kukaribishwa. "Mama atakuja kukaa hapa kwenu."

Sowedi aliuacha mnyororo aliokuwa ameushika. Akaangalia barabarani kama Chantal anatokea, akamwangalia tena shemeji yake, akajikuna kidevu.

"Kumbe wewe hapana jua," alisema kwa upole.

Chantal aliporudi na kikapu hakuhitaji kuulizwa, alizisoma nyuso za wanaume hao wawili. Akaweka kikapu chini, akaketi kando ya kaka yake.

"Yaya," alisema, kama alivyomwita kaka yake tangu utotoni, "Mama alikatala." "Alikaa hapa siku ine. Kila asubuhi alikuwa anakaa pale kwenye baraza, anangojea mutu wa kusalimia, na bantu banapita tu. Siku ya tano alisema nyumba yake iko kule, mbuzi zake ziko kule, kanisa yake iko kule. Sowedi alimubembeleza sana. Akakatala."

"Kwangu alisema kuzuri."

"Kuzuri ni kuzuri. Hakusema atakuja."

"Na Apolline anajua?"

"Ni yeye Mama alimuambia wa kwanza."

"Juu ya nini hamukuniambia?"

Chantal aliinamia kikapu chake. "Mama alitukataza. Alisema: Modeste akijua, hatapanda ndege, na bale bana batabakia juu yangu. Tuambie kama ni bongo."

Haikuwa uongo. Modeste aliona haya, haya nzito ya mtu mzima aliyefikiriwa na wote kama mtoto. Kisha akaona hasira, nayo ilikuwa nafuu, lakini haikukaa. Mahali pake vilikuja vile vitu, kimoja kimoja. Rafu ya usawa wa kiuno. Madumu ambayo mkono wa kizee unaweza kuyainua. Kuni ambazo hazihitaji shoka tena. Mawe ya hatua fupi. Alikuwa amekaa siku zote hizo ndani ya nyumba inayopimwa kwa mwili wa mama yake, na hakuuona mwili wenyewe.

"Sitaenda," alisema.

"Hayo kamuambie yeye," Chantal alijibu.

Aliporudi alipitia kwanza kwa Karekezi. Alikuwa ametunga maneno njiani, ya kuomba msamaha, maana kurudisha ulichoahidi ni aibu.

"Karekezi, ile mambo ya mbuzi na mlango," alianza.

"Najua," Karekezi alisema. "Mama Junior alikuja zamani. Mbuzi zitabakia kwa Koko, mimi nitakuwa nazikatia majani. Mlango nao ubakie fasi yake."

"Na siku ile ulinishukuru?"

"Ningefanya nini? Ulikuwa na furaha sana."

Basi hata Karekezi. Modeste alipanda kwenda nyumbani jua likiwa bado juu. Apolline alikuwa shambani. Alimwona mumewe akipita, akaona uso wake, akaelewa. Hakumfuata.

Koko alikuwa kwenye kigoda chake. Modeste aliketi chini, mgongo ukutani, kwenye ule udongo mpya ambao bado ulikuwa na ubaridi.

"Nilifika kwa Chantal," alisema.

"Banaendelea?"

"Banaendelea." Akaweka viganja kwenye udongo wa ukuta. "Mama, sitaenda."

"Utaenda," Koko alisema, kwa sauti ile ile anayosemea "Sawa". "Kule kwetu nilikimbia na wewe mu mgongo, mara mbili. Hii ya sasa unaenda na miguu yako, na karatasi, muchana. Unataka niseme nini?"

Modeste hakujua anataka aseme nini. Alitaka mambo yawe mengine, ila hakujua mengine yapi. Machozi yalimtoka, na hakuyafuta, kwa kuwa mikono ilikuwa na udongo wa ukuta.

Koko alimngoja amalize. Kisha akauliza, "Kule munaenda, kuko mvua gani?"

"Si mvua. Ni baridi. Miezi mitano."

"Na kazi zake unazijua?"

"Vénant alinieleza."

"Niwekee nimusikie."

Modeste akatoa simu. Vénant akazungumza dakika saba zake zote, na Koko akasikiliza ameinamisha kichwa, mikono imetulia kwenye majivu, kama mtu anayesikiliza mahubiri ambayo ataulizwa baadaye. Sauti ilipokwisha, akamgeukia mwanawe.

"Sasa sema wewe."

"Kusema nini?"

"Kazi. Zote. Mimi sitakuwa pale ya kukukumbusha."

Modeste akaanza. Majani yaliyoanguka unakusanya. Kajumba ya kuku unaweka majani makavu, mingi. Madirisha unabandika plastiki. Vitunguu saumu unapanda, inalala. Akasimama.

"Umesahau maji," Koko alisema.

"Tiyo ya maji unaitoa maji."

"Juu ya nini?"

"Itageuka jiwe, itapasuka."

"Anza tena."

Akaanza tena. Mara ya pili akasahau madirisha. Mara ya tatu akachanganya kuku na vitunguu, na Koko akacheka kidogo, kicheko cha kwanza tangu asubuhi. Mara ya nne hakukosea. Alisema yote, mtu mzima wa miaka arobaini na mmoja, mbele ya mama yake, na Koko akaitikia kwa kichwa kila neno mpaka mwisho.

"Sawa," alisema. Safari hii Modeste alijua maana yake. "Sasa simama. Mutaro haujaisha, na muke wako amechoka."

Jembe lilikuwa limelala pale Apolline alipoliacha. Modeste akalichukua, akaanza kuchimba kuelekea upande wa choo.

"Si huko," Koko alisema. "Maji ya fasi hii inapitaka huku, ku banda ya mbuzi. Na uchimbe sana. Mwaka kesho mimi sitaweza."

Akachimba. Apolline alirudi na mbegu zilizobaki, akawasha moto kwa zile kuni nyembamba, akapika. Aliita mara moja, akaita mara ya pili. Mtaro ulikuwa umefika bandani na kupita, kina chake magotini, zaidi ya mvua yoyote iliyowahi kunyesha pale. Koko aliuona, na hakumwambia inatosha.