Hakuna Kipande Kinachotoka Mezani

Mashabiki wa bustani ya michezo ya Tamarack hawakupendana hata kidogo. Ungedhani watu wanaopenda kitu kimoja kwa moyo wote watapendana na wao kwa wao, lakini basi hujawahi kukaa kwenye kikao chao cha Februari, bustani ikiwa imefungwa kwa theluji na kila mwanachama ana hasira za miezi minne anazotafuta pa kuzitua.

Mwaka huu walikutana Jumapili mchana katika ukumbi wa zimamoto wa kujitolea, watu kumi na wanne na trei mbili za pierogi, vifuko vya unga vilivyojazwa viazi, ambazo siagi yake ilikwisha kuganda. Katikati ya ukumbi waliunganisha meza tatu, wakatandaza ramani ya Bonde la Wapasua Mbao, sehemu mojawapo ya bustani, na juu ya ramani wakapanga vipande vya kadi: bembea zote, kama walivyoita kila mashine ya kupandwa, vibanda, vyoo, miti mikubwa, kila kimoja kimekatwa kwa kipimo chake. Wenye bustani walikuwa wamenunua shamba la jirani na walitaka kulipanua Bonde na kulipanga upya. Waliomba chama kiwape maoni yake, ukurasa mmoja tu, ufike Jumatatu. Miaka sita nyuma waliomba hivyo hivyo kuhusu farasi wa kuzunguka, na kilichoandikwa na chama ndicho kilichojengwa. Ukurasa ule haukuwa wa mchezo.

Marlys Hruska, katibu wa chama, alikaa na kalamu na daftari lake, mdogo wake Duane akiwa kando yake. Duane alikuwa na miaka arobaini na tisa, mtu mkubwa wa mwili na mpole, mwenye kadi ya uanachama kama wengine. Akili yake ilizaliwa na mwendo wa taratibu. Tangu mama yao afariki, miaka kumi na mmoja sasa, Marlys ndiye aliyekuwa akimpikia, akimnyoa ndevu na kumkumbusha kupiga mswaki. Kila Jumamosi ya msimu walipanda pamoja mashua za Bonde, mashua za mbao zinazokokotwa na mkondo wa kijito kwa dakika kumi na moja, chini ya miti, bila kelele. Hapakuwa na kitu kingine alichopanda Duane pale Tamarack. Zikiondolewa mashua, Duane hana bustani, na Jumamosi zake zote zinabaki za kukodolea ukuta macho.

Na kipande cha mashua kilikuwa mkononi mwa Trent Oberholt.

"Rudisha hicho, Trent," alisema Marlys.

"Nikirudishe nikiweke wapi, mama? Mteremko mpya wa Radi unapita hapo hapo."

Radi ilikuwa treni ya mbao inayopanda juu ya miti na kuporomoka, kongwe na ya kutisha, na Trent aliipenda kuliko watu. Alikuwa fundi wa viyoyozi wa miaka thelathini na nne, na jioni alikuwa na chaneli yake ya video ambamo watu elfu arobaini walimsikiliza akizisema bembea za majimbo matatu kana kwamba zilimkosea adabu. Alitaka Radi irefushwe, ipewe mteremko wa pili, na mahali pekee pa mteremko wa pili ni kwenye kijito.

"Kanuni unaijua," alisema Marlys.

Waliijua wote. Katika chama kile hakuna kipande kinachotoka mezani. Ukiinua kitu, unakaa nacho mkononi mpaka ukipatie mahali pengine juu ya ramani. Ukishindwa, unakirudisha ulipokitoa na kunyamaza. Kanuni hiyo ilivunjika kwa njia moja tu, wanachama wote wakikubali kwa kauli moja. Mkono mmoja ukinyooshwa kupinga, basi. Kwa miaka ishirini na miwili hapajatupwa hata choo.

Trent alijaribu. Aliweka mashua kwenye shamba jipya, mtu akamwambia maji hayapandi kilima. Aliziweka nyuma ya vyoo.

"Ukigusa vyoo vyangu nitakung'ata," alisema Bev Yanoshak, ambaye hoja yake kila mwaka ilikuwa vyoo na kivuli, na ambaye hakuwa akitania.

"Vyoo vyako? Umevijenga wewe?"

"Nimevipigania nawe ukiwa bado unavaa nepi. Toa."

Alitoa. Alizunguka meza nzima na kile kipande, watu wakimfuata kwa macho na kumrushia maneno: hapo kuna nguzo za umeme, hapo mafuriko, hapo umeziba njia ya magari ya walemavu, huna aibu. Masikio yalimwiva mekundu. Hatimaye alisimama mbele ya Marlys na kukishika kile kikadi juu, kwa vidole viwili.

"Hakina mahali," alisema. "Naomba tukitoe. Kauli moja."

Marlys alinyoosha mkono wake juu bila hata kuacha kalamu.

"Napinga."

"Sababu?"

"Kanuni haidai sababu."

"Basi mimi ninayo," alisema Trent, akatoa karatasi mfukoni. Marlys alizitambua namba kabla hazijasomwa, maana zilikuwa zake. Mashabiki wa Tamarack wana tabia ya kupima foleni, na kwa miaka kumi na miwili yeye ndiye aliyekuwa akizunguka na saa na kuandika kila bembea imengojewa dakika ngapi, kisha akizitoa kwenye jarida la chama. "Mashua, Julai, dakika sifuri. Mashua, Agosti, dakika mbili. Mashua, sikukuu ya uhuru, watu wamekanyagana bustani nzima, dakika sifuri. Na chini yake mwenyewe ameandika kwa furaha, 'Njooni, hamtangoja kamwe.' Hakuna anayezitaka, mama. Umetuambia mwenyewe, miaka kumi na miwili mfululizo."

Watu walicheka, na hakikuwa kicheko kizuri. Marlys aliona aibu ikimpanda shingoni. Alikuwa ameziandika zile sifuri kama mtu anayemsifia mwanawe, na sasa zilisomwa kama mashtaka.

"Foleni hakuna kwa sababu mashua ni ishirini na nne na kila moja inabeba watu wanane," alisema. "Radi yako inabeba ishirini na nne tu na inaharibika kila baada ya chakula cha mchana. Watu hawangoji mashua kwa sababu wanazipanda. Hesabu ndogo hiyo, au viyoyozi vimekugandisha ubongo?"

"Zinapandwa na vikongwe na watoto wanaonyonya."

"Ambao hawatazami video zako. Ndiyo maana huwaoni kuwa ni watu."

"Marlys," alisema mwenyekiti.

Wendell Eshleman, mwenyekiti, alikuwa mzee wa miaka sabini na mitano aliyeendesha Radi enzi za ujana wake, kabla ya vifungo vya usalama kuwa vya chuma. Hakuwa upande wa Trent, hakumpenda Trent. Lakini alikuwa amechoka, na pierogi zilikuwa zimepoa.

"Tuko kumi na wanne hapa," alisema. "Kumi na wawili wanataka mteremko. Duane hajasema. Unatuzuia peke yako, dada, na ni haki yako, sikunyang'anyi. Lakini tumekaa meza moja miaka ishirini na miwili. Tuambie ukweli. Unaipigania bustani?"

Marlys aliwatazama mmoja mmoja. Bev alikuwa amekunja mikono. Hakuna aliyemwonea huruma, na hasira ilimjaa mpaka sauti ikawa nyembamba.

"Nampigania huyu," alisema, akamshika Duane begani. "Mmeridhika? Hapandi kitu kingine. Radi inamtia hofu, kelele zinamtia hofu, giza linamtia hofu. Ana moyo mgonjwa. Ana kitu kimoja duniani, dakika kumi na moja, na ninyi watu wazima wenye miguu na moyo mnataka kumnyang'anya mpate kupiga mayowe mara mbili badala ya mara moja. Haya, andikeni hilo kwenye ukurasa."

Sasa waliona haya. Mtu mmoja alianza kukwangua siagi kwenye sahani yake. Hata Trent alikishusha kile kipande, lakini hakukiweka chini.

"Bustani haijengwi kwa ajili ya mtu mmoja," alisema, kwa sauti ya chini.

"Wala haijengwi kwa kamera yako."

"Mimi sina moyo mgonjwa," alisema Duane.

Alisema kwa sauti yake ya kawaida, ile ya kuomba chumvi. Marlys alimpapasa bega.

"Tutazungumza nyumbani, Duane."

"Daktari alisema sina. Alinisikiliza huku na huku. Wewe ndiye uliyewaambia watu wa getini kwamba ninao. Wasinipandishe." Duane alikuwa akitazama ramani. "Nilikuwa nyuma yako. Nilikuwa na maandazi."

Yote yalikuwa kweli, pamoja na maandazi. Ulikuwa msimu wa kwanza baada ya mazishi. Duane alikuwa ameshika foleni ya Radi mwenyewe, amesimama vizuri mstarini kama watu, na Marlys alipokiona kile kifungo cha chuma na ule mlima wa mbao aliingiwa na hofu. Amzike mama mwezi wa nne na Duane mwezi wa sita? Alikwenda kwa wafanyakazi wa getini na kuwaambia ana moyo mbaya, msimruhusu kamwe. Waliandika jina. Kila msimu tangu hapo alipita kuwakumbusha. Kwa miaka yote hiyo aliamini kwamba Duane amesahau, maana hakusema tena, na Marlys alikuwa amezoea kudhani kwamba asichokisema Duane hakimo kichwani mwake.

"Unazipenda mashua," alimwambia. Halikuwa na umbo la swali, lakini lilikuwa swali.

"Wewe ndiye unayezipenda. Tukikaa upande wa kushoto naiona Radi ikipita juu. Naihesabu." Alinyoosha kidole na kugusa ramani, mahali ambapo reli ya Radi inavuka kijito. "Hapa. Mara nne. Siku ya watu wengi, tano."

Hakuna aliyecheka. Marlys angewashukuru kama wangecheka. Angejua la kufanya. Lakini walikuwa wakimtazama tu, watu wale wale ambao kwa dakika mbili nzima aliwafanya wajione wanyama, na alijua kabisa wanamwona nani sasa.

Trent ndiye aliyeuliza. Hakuuliza kwa upole, wala hakuwa na dalili ya ushindi usoni. Aliuliza kama fundi anayeuliza ikiwa umeme umezimwa.

"Ana ugonjwa wa moyo au hana? Nijibu wewe, mama. Jina lake liko getini na wanaolisoma wananijua. Nikienda kuwaambia walifute, nataka niwe nimesikia kutoka kwako."

Neno moja tu lilihitajika. Angesema anao, na nani angembishia? Daktari alikuwa mbali, Duane hajui kueleza mambo, na yeye ni dadake mwenye karatasi zote sandukuni. Zingebaki Jumamosi zake, mashua, bega lile kubwa kando yake. Alifungua kinywa akiwa hajui bado ni lipi litakalotoka.

"Hana," alisema.

Duane alitikisa kichwa kukubali, kama vile limetajwa jambo dogo. Wendell alisafisha koo.

"Basi, Marlys. Pingamizi lako. Unaliondoa?"

Aligundua kwamba mkono wake ulikuwa bado uko juu. Bega lilimuuma. Watu wote walingoja, wakiwa na hakika. Bev alikuwa ameshaanza kutafuta koti lake. Na Marlys, ambaye kwa miaka kumi na mmoja hakutamka hata mara moja kitu anachokitaka kwa ajili yake mwenyewe, alijikuta ana hasira nao wote, na Trent, na Wendell, na marehemu mama, na Duane pia, Mungu amsamehe, na Duane pia.

"Siliondoi," alisema. "Napinga."

"Kwa ajili ya nani sasa?" aliuliza Trent.

"Kanuni haidai sababu. Weka kipande chini."

Kelele ziliibuka upya, mbaya kuliko za mwanzo. Mtu alisema wambadilishe katibu, mwingine akasema waibadilishe kanuni yenyewe, na Bev akasema haya yote yasingetokea kama wangeanza na vyoo. Wendell aligonga meza mara tatu. Kisha Trent alikitupa kile kikadi juu ya kijito, kikatua kikiwa kimelala upande, na ukurasa ukaandikwa hivyo, kwa mwandiko wa Marlys mwenyewe: Radi ibaki ilivyo, mashua zibaki zilipo.

Alipoinua macho, Duane hakuwa kwenye kiti. Alikuwa ng'ambo ya meza, karibu na Trent, ameshavaa koti na kulifunga vishikizo vyote sawasawa, jambo ambalo kwa kawaida alimwachia dada yake.

"Wikiendi ya kufungua, siti ya mbele," alikuwa akimwambia. "Ya mbele ina foleni yake. Ni ya kushoto."

"Najua ni ya kushoto," alisema Trent, bado amekasirika. "Uje saa nne. Ukichelewa sikungoji."

"Sitachelewa," alisema Duane.

Marlys alimalizia kuandika tarehe, akapiga mhuri. Alikuwa ameziokoa mashua, ishirini na nne zote, na hakuwa na mtu wa kupanda naye.