Jirani wa Arobaini na Saba

"Pembetatu ya juu, kushoto," Alden Ordway alisema. "Hesabu mistari."

Lorraine Kibbee aliisogeza stempu kwa kibano mpaka ikakaa kwenye mwanga wa dirisha, kisha akainamia lenzi. Ilikuwa stempu ya senti tatu ya mwaka 1851, wekundu wake umepauka kama tofali la zamani, uso wa Washington ukitazama kushoto chini ya muhuri wa posta ya mji mmoja wa Maine. Haikuwa na vitobo pembeni. Enzi hizo makarani walizikata kwa mkasi.

"Mmoja," alisema.

"Mstari wa fremu, kulia?"

"Umechongwa mara mbili. Wa pili unapotea kabla ya kufika chini."

"Unapotea wapi?"

"Usawa wa kidevu."

Alden aliweka viganja vyake juu ya meza ya jikoni, akaviacha hapo. Mstari huo unaopotea usawa wa kidevu alikuwa akiusubiri tangu mwaka 1956.

Stempu hizo zilichapwa kwa bamba la chuma lenye nafasi mia mbili, mia kushoto na mia kulia. Mistari ilipotoka hafifu, mchongaji aliikazia kwa mkono, nafasi moja baada ya nyingine. Mkono wa binadamu haurudii jambo lilelile sawasawa. Kwa hiyo kila nafasi ilikuwa na kasoro zake, na mtu mwenye subira angeweza kuishika stempu moja iliyokwisha kutumika, akasema ilitoka safu ya ngapi, ya ngapi kutoka ukingoni. Alden alikuwa ameiunda upya nusu ya kushoto ya bamba moja kwa miaka thelathini na mmoja, kwa stempu za bei rahisi alizozichambua kutoka mabunda ya bahasha kuukuu. Kwenye karatasi kubwa alikozibandika, nafasi tisini na tisa zilikuwa zimejaa. Ya arobaini na saba ilikuwa tupu.

Katika klabu ya wakusanyaji, iliyokutana Jumanne ya kwanza ya mwezi kwenye chumba cha chini cha kanisa, Gus Farrar alimuuliza kila mara kama amemaliza kuhesabu nywele za Washington. Gus alikuwa na stempu ghali za senti tisini na alizisimulia kama mtu anayesimulia farasi wake wa mashindano. Alden hakumjibu. Lakini mwezi wa Januari mwaka huo, 1987, ilifika barua kutoka maktaba ya wakusanyaji huko Pennsylvania. Picha walizokuwa nazo za bamba lile zilikuwa zimefifia. Walikuwa wanatayarisha mwongozo mpya, na walisikia kwamba Bwana Ordway wa Springfield, Vermont, anakaribia kukamilisha karatasi yake. Wangependa kuipiga picha kabla ya Februari kwisha. Alden aliomba barua hiyo isomwe kwa sauti kwenye klabu, na Gus akawa wa kwanza kupiga makofi.

Jambo ambalo Alden hakulisema kwenye klabu ni lile aliloambiwa na daktari wa macho mwezi Novemba: sehemu ya katikati ya macho yote mawili ilikuwa inakufa, na hakuna miwani ya kuisaidia. Alimwambia Lorraine tu kwamba mwanga wa majira ya baridi ni mbaya, aje amsaidie kusoma stempu moja. Lorraine alikuwa mkutubi wa mji kwa miaka arobaini na hakuwa na desturi ya kubishana na mtu nyumbani kwake. Asubuhi hiyo alikuwa amemwona akimimina kahawa kando ya kikombe. Alichukua kitambaa, akafuta, akauliza kadi zenye mchoro wa kasoro za kila nafasi ziko wapi.

"Ni yenyewe," alisema sasa.

Alden akamtaka alinganishe na kadi tena. Akalinganisha. Akamtaka mara ya tatu. Ilikuwa yenyewe. Basi Alden akainuka, akakata pai ya tufaha vipande viwili, akaweka juu ya kila kimoja ubapa wa jibini, na kwa muda mfupi jikoni mle mlikuwa na mtu aliyemaliza kazi yake.

Lorraine hakuinuka. Mtu fulani, mwaka 1852 au 1853, alikuwa ameikata stempu ile kwa ukarimu, na mkasi wake ulibeba upande wa kulia ukanda mwembamba wa stempu ya jirani, nafasi ya arobaini na nane. Ukanda huo ulikuwa na mstari mmoja, ulioinama kidogo kuelekea nje. Lorraine aliitoa stempu ya arobaini na nane kwenye karatasi ya Alden, akaiweka kando ya hiyo mpya. Zilipaswa kukutana kama vipande viwili vya nguo iliyochanika. Mstari wa kushoto wa ile ya arobaini na nane ulikuwa umechongwa mara mbili, na ulikuwa umenyooka kama rula.

"Mbona umenyamaza?" Alden aliuliza.

"Kula pai yako."

"Lorraine."

"Arobaini na nane uliiweka lini?"

"Igeuze. Kila moja nimeiandika nyuma."

Nyuma, kwa penseli, palikuwa pameandikwa Machi 1985.

"Haikutani na hii mpya," Lorraine alisema.

"Basi mpya siyo."

"Mpya ndiyo, Alden. Umeniuliza mara tatu."

Alden aliketi. Alimwambia atoe kadi ya arobaini na nane na aisome kwa sauti. Alisoma. Stempu iliyokuwa mezani haikuwa na hata kimoja kati ya vitu vilivyochorwa kwenye kadi.

"Huoni tangu lini?" Lorraine aliuliza.

"Naona."

"Mimi unanionaje?"

"Masikio nayaona vizuri," alisema. "Uso ndio umeondoka."

Lorraine aligusa sikio lake.

Kwa miaka thelathini na minane Alden alikuwa mkaguzi katika kiwanda cha mashine za kukerezea vyuma, mwishoni mwa barabara ya mtoni. Kazi yake ilikuwa kuingiza kipande kwenye kipimo: kikipita, kinapita; kisipopita, anakipaka rangi nyekundu. Aliwahi kupaka rangi kazi ya wiki nzima ya shemeji yake, siku mbili kabla ya Krismasi, kwa tofauti ambayo jicho la kawaida haliioni. Shemeji hakukanyaga tena nyumbani kwake. Edith, mke wake, alimtetea mbele za watu, na nyumbani hakumsemesha mpaka Mwaka Mpya. Alden alidhani wote wawili walikuwa na haki yao, na kipimo kilikuwa na haki yake. Sasa Edith alikuwa na miaka minane kaburini.

Walichambua stempu zote alizoziweka tangu Machi 1985. Zilikuwa kumi na moja. Lorraine alisoma stempu, kisha kadi, kisha alinyamaza au alisema ndiyo. Alisema ndiyo mara mbili. Zile tisa nyingine hazikuwa hata na makosa yanayofanana. Moja ilitoka bamba jingine kabisa. Alden aliuliza kuhusu kila moja kwa utulivu, kama mgonjwa anayesomewa majibu ya mtu mwingine, na alizikumbuka zote: hii ilitoka kwenye bahasha ya wakili wa Boston, hii aliitafuta kwa miezi saba, hii aliiweka siku ya dhoruba umeme ulipokatika. Alikuwa ameuona mstari, alisema. Aliuona kabisa.

"Uliuona kama ulivyoujua kichwani," Lorraine alisema.

Saa nane simu ililia. Alikuwa Gus, akitaka kujua kama ile ya Maine imefika na kama anunue keki ya Jumanne. Alden alimweleza kwa sentensi nne. Sauti ya Gus ikasikika mpaka mezani.

"Sikiliza, mzee. Itume. Nani duniani atajua? Wataizika kwenye kabati, na wewe utakuwa umezikwa kabla hawajafika safu ya tano."

"Wewe utajua."

"Mimi nimeshasahau. Unaongea habari ya nini?"

Alden alimshukuru na kumwambia keki asinunue. Aliporudi mezani aliisukuma kando sahani ya pai. Akasema kwamba mtu asiyemjua, Oregon au popote, atafungua mwongozo ule baada ya miaka ishirini, atashika stempu sahihi, na ataitupa kwa sababu haifanani na kosa la Alden Ordway.

Lorraine alisema kwamba huenda mtu huyo asiwepo.

"Huenda," alisema Alden. "Chukua kalamu."

Barua ilikuwa fupi. Karatasi haitakuja mwezi huu. Nafasi kadhaa zimekutwa na makosa, na mwandishi wa barua hana tena uwezo wa kuzisahihisha. Lorraine aliuliza aandike nafasi ngapi. Alden alimwambia aache pengo hapo, watalijaza. Kisha akamwambia azing'oe zile tisa. Alizing'oa kwa kibano, moja moja, akaziweka kwenye sahani ya pai. Ile ya arobaini na saba aliibandika mahali pake, na kulia kwake pakabaki tupu.

"Sasa ya kabla ya Machi," Alden alisema.

"Imetosha kwa leo."

"Ya kabla ya Machi."

Ya Novemba 1984 ilikuwa mbaya. Ya Agosti ilikuwa nzuri. Ya Mei ilikuwa mbaya, na hapo Lorraine alivua miwani na kuifuta ingawa haikuwa chafu. Alden alikuwa ameanza kulijua jibu kabla ya kuambiwa. Mistari ilipolingana, Lorraine alitoa pumzi. Isipolingana, pumzi yake ilikwama. Kwa hiyo aliacha kuangalia upande wa meza, akageuza sikio.

Walirudi nyuma kupitia 1983, mbili nzuri, na 1982, tatu nzuri mfululizo, na Lorraine akasema kwamba mwanzo wa makosa umepatikana, aandike kumi na moja kwenye lile pengo. Alden alisema bado. Alinyoosha kidole juu ya karatasi, akahesabu kwa kugusa mpaka safu ya nane, akakisimamisha.

"Sabini na mbili," alisema. "Juni 1979."

"Mwaka huo ulikuwa unaona kama mwewe."

"Ndivyo nilivyokuwa najiambia. Isome."

Mwanga wa dirisha ulikuwa umeanza kupungua. Lorraine alisogeza kiti, akaitafuta kadi, akaiegemeza kwenye kikombe, akainama. Barabarani gari la kuondoa theluji lilipita polepole, vijiko vikatikisika kwenye droo, kisha pakawa kimya. Alden alisubiri, kichwa kimeinama upande, akisikiliza pumzi itoke.