Kifuniko cha Sufuria ya Yogati

Jumamosi, tarehe 12 Julai 2025. Tangu alfajiri ni manyunyu na baridi hapa Sekei, na ukungu umeufunika Mlima Meru wote.

Saa moja asubuhi nilibandika lita mbili za maziwa kutengeneza yogati, kwa mara ya tatu. Mara ya kwanza yalibaki maji. Mara ya pili yalibaki maji. Sampuli ilitakiwa leo darasani saa kumi na moja jioni, na bila sampuli hakuna cheti cha usindikaji wa maziwa. Nina miaka hamsini na mbili, na vyeti nilivyo navyo ni viwili tu, cha ubatizo na cha kipaimara.

Maziwa yalichemka, nikayaacha yapoe mpaka kidole kivumilie, nikachanganya vijiko viwili vya yogati aliyotupa mwalimu, nikafunika, nikaviringisha sufuria kwa blanketi. Kila hatua niliiandika kwenye daftari pamoja na saa yake, kama tulivyofundishwa.

"Mama Joel, nenda dukani ununue kikopo, umimine humo, yaishe," alisema mume wangu, Nathanaeli, ambaye blanketi ni lake.

"Huo ni uongo, Baba Joel."

"Na mimi kutetemeka wiki ya tatu ni nini?"

Wifi yangu Silantoi, aliyetuletea ndizi kutoka Tengeru, naye akaongeza lake. "Sisi maziwa tunayatia kwenye kibuyu tunayasahau, wifi. Yanaganda yenyewe. Wewe mpaka uyasomee."

Nilimpa chai ili anyamaze.

Saa kumi na moja kasoro niliweka sufuria juu ya meza ya mwalimu Rozmin. Alifungua, akatumbukiza kijiko, akakiinua. Maziwa yalichuruzika kama yalivyotoka kwa ng'ombe. Machozi yalinilenga, na hayakuwa ya huzuni. Nilikuwa nimechoshwa na maziwa, na baridi, na kila mtu aliyewahi kukamua ng'ombe.

"Mama Marta, naomba daftari," alisema mwalimu, ambaye huniita kwa jina langu la ubatizo. Alisoma kimya, kisha akanirudishia. "Hakuna anayeandika vizuri kama wewe. Tusomee hapo ulipoandika saa tatu."

Nikasoma. "Saa tatu. Nimefungua kifuniko, nimeweka mikono juu ya maziwa, nimeomba."

"Kwa muda gani?"

"Dakika ishirini."

"Na saa sita?"

"Vilevile. Na wimbo mmoja."

"Beti ngapi?" aliuliza Sumari kutoka nyuma. Yeye ni mfugaji wa Usa River, na yogati yake iliganda siku ya kwanza.

"Zote," nikasema. "Na saa tisa pia nilifungua."

Darasa lilicheka. Nilieleza kwamba mama yangu alinilea hivyo: kitu unachokiombea hakifunikwi, hata unga, hata mtoto mgonjwa.

Mwalimu hakucheka. "Mimi pia ninasali, mama. Lakini maziwa haya yanataka joto kwa muda wa saa nane bila kuguswa. Kwa baridi hii, wewe umeyapoza mara tatu."

Wiki tatu. Lita sita. Na kila yalipokataa kuganda, mimi niliongeza maombi na kufungua kwa muda mrefu zaidi. Nilitamani kumkasirikia mtu, nikamkosa.

"Orodha ya vyeti naifunga Jumatatu jioni," alisema mwalimu. "Utaweza kuleta nyingine bila kuifungua?"

"Hawezi," alisema Sumari. "Saa tatu ikigonga tu, mikono itamwasha."

Basi nilisimama, nikashika kifuniko mkononi ili wote wakione, wanafunzi kumi na wanne pamoja na mwalimu.

"Mbele za Mungu na mbele yenu," nikasema, "Jumatatu nikishafunika sufuria hii sitaifungua mpaka nifike kwenye meza hii. Saa tatu, saa sita na saa tisa nitaombea kule nyuma kwenye migomba, na mlango wa jiko nitaufunga, ufunguo akae nao Baba Joel."